Ya Kutolea

Chumba kiko juu ya duka la betri, Kariakoo, Mtaa wa Swahili.
Feni ina mapanga mawili, la tatu lilikatika mwaka jana,
na sisi kumi na wanne tunaoitaka kazi ya karani bandarini
tumekalia ndoo za rangi zilizopinduliwa.

Mwalimu Kihwelo haandiki jibu ubaoni. Anaandika:
Taa za jirani zinawaka. Kwa hiyo umeme umerudi.
Anageuka, anajipangusa chaki kwenye suruali.
"Kati ya sentensi hizi mbili kuna mtu kajificha.
Hakuandikwa, hakulipwa, na mzigo kaubeba yeye.
Mwiteni."

Tukaita kila tuliyemjua.
Anyelwisye akasema, jirani hulipia luku mapema.
Rehani akasema, nyaya za mtaa ni mpya.
Mimi nikasema taa haziwaki pasipo umeme,
nikajiona nimemaliza.

"Umeme wa nani?"
Na huko chini, kama mtu aliyetumwa,
kuna aliyevuta kamba ya jenereta mara tatu,
ikakohoa, ikakohoa, ikanguruma.

Tulicheka mpaka ndoo zikalia.

Kazi yenyewe ndiyo hiyo, alisema: usiongeze, toa.
Chukua dhana unayoishuku, ikanushe,
kisha kaa kando uisikilize hoja.
Jirani halipii luku mapema: hoja iko palepale, haina habari.
Jirani ana jenereta: hoja chali.
Wanaosaidia ni wengi, kama watu wa shughulini;
wa lazima ni yule ambaye akiondoka
wali hauivi.

Usiku, Mbagala Kizuiani. Mama amelala,
mimi na penseli na kitabu cha kuazima,
simu yake ikamulika juu ya kabati.
Tarehe ishirini na nane, kama kila mwezi, mwaka wa sita sasa.
Umepokea shilingi elfu arobaini na moja mia tano
kutoka kwa, na jina la baba,
yote matatu, kwa herufi kubwa.
Asubuhi atasema anachosema siku zote:
"Pesa imeingia. Kwa hiyo baba yenu hajatusahau."
Atajipaka wanja ndipo aende kwa wakala.

Sikutaka. Mkono ndio uliozoea.
Pembeni ya swali la kumi na tisa nikaandika:
anayetuma ni mwenye jina.
Nikaikanusha.

Elfu arobaini, na juu yake elfu moja mia tano.
Ya kutolea.
Baba, tangu nimjue, hakuwahi kuongeza ya kutolea.
Alituma kavu, mama akakatwa, wakagombana mpaka usiku.
Na nani mwingine aliulalia masikio ugomvi ule
ila mimi, na Shamte,
Shamte anayeziba pancha Ubungo na kuapa hana hata mia,
Shamte aliyesema ile laini ya baba
aliitupa zamani?

Hoja ya mama ikalala chini.
Niliitazama. Jogoo wa jirani, asiyejua saa, akawika.

Kisha, kwa kuwa mtihani ni Alhamisi,
nikaandika hitimisho jingine, dogo kuliko lile:
Pesa imeingia. Kwa hiyo kuna mtu hajatusahau.
Nikamtoa baba. Likasimama.
Nikamtoa tena, na herufi zake kubwa zote. Likasimama.
Nikaanza kumtoa Shamte,
nikafuta kabla sijasikia.

Asubuhi mama akasema anachosema siku zote,
kioo mkononi, jicho moja limeshapakwa.
Kitabu kilikuwa wazi mezani, ukurasa uleule,
na penseli juu yake.
Nilikuwa na la kusema. Nilikuwa na hatua zote, moja baada ya nyingine.

Nikasema, maliza chai yako, mama.
Nipe simu, nikakutolee.